Unga Ulioanikwa Mzee Akiwa Hai

Butiama,
6 Novemba 2022

Kwa binti yangu Adventina,

Mimi ni mtu wa miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili. Nimepita njaa ya mwaka sabini na nne, nimepita vita ya Kagera ambako wenzangu walibaki, nimepita kipindupindu, na yule daktari aliyeniambia sitaiona Pasaka nilienda kwenye mazishi yake na nikala. Nimeanza na hayo ili ujue unapigana na nani.

Sasa salamu. Hujambo huko Musoma? Afya yako? Umeolewa au bado unatembea na vichupa? Sisi hapa wazima. Mke wa kaka yako, Jeska, mzima. Mtoto wake Matrida ameanza kusoma herufi, ana kichwa kama changu. Kaka yako Dennis bado yuko kisiwani kwenye dagaa, haleti dagaa wala salamu.

Wewe na watafiti wenzako mlikuja na gari la chuo nikawapa viti. Nikamwambia Jeska awape uji. Halafu wewe, mtoto wa nyumba hii, ukachukua unga wangu wa muhogo, ukaumwagia maji, ukautandaza kwenye mkeka katikati ya uwanja, nje, wazi, watu wanaangalia. Wenzako ni wageni, hao nawasamehe. Wewe ulikuwepo alipokufa mama yako. Uliona unga ulivyotandazwa nje asubuhi ile, ili apitaye njiani ajue hapa kuna msiba na kuna cha kula. Katika ukoo wetu unga hauonani na anga mpaka afe mtu. Hata ungo mmoja hautoki nje bila kufunikwa. Wewe umenitandazia mimi nimekaa kwenye kiti natazama.

Ndiyo maana niliupiga ule mkeka teke. Ndiyo maana niliapa mbele ya Mwikwabe jirani na mbele ya watu wote kwamba sauti yako sitaisikia na yangu hutaisikia. Kuandika sikuapa. Ngumbaru nilisoma mwaka sabini na tatu nikawa wa kwanza, na waliokuwa wa pili leo hata jina lao hawaliwezi.

Halafu mnasema mihogo yangu ina sumu. Mihogo hii michungu niliileta mimi kijijini, mbegu nilibeba begani kutoka kule ziwani. Nyani haigusi, nguruwe pori haigusi, mwizi akiitafuna mbichi anaitema. Watu wa hapa wangekuwa makaburini bila mimi.

Mvua za vuli hazikuja. Mahindi yamekaukia kwenye goti. Zamani mihogo tulikuwaga tunaivundika, inalala chini ya majani mpaka inaota ukungu mweusi, inakwanguliwa, ndipo inaanikwa. Mimi nimeona huko ni kuchelewa. Nimeweka utaratibu wangu: inamenywa, inapasuliwa, inalala juu ya jabali, kesho kutwa inatwangwa inaliwa. Nyumba nyingi zimeniiga. Huo nao ni utafiti, na mimi sikulipwa posho.

Barua nampa Revocatus, huyu wa pikipiki anayeleta samaki wa Makoko. Ujibu kwa mkono wake.

Mimi baba yako,
Makongoro

—

Kitaji, Musoma,
20 Novemba 2022

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako. Mimi mzima. Sijaolewa, Tata, ukinipatia mtu nitamwangalia. Barua yako imenifikia inanuka furu, samaki wa Revocatus, nimeisoma hivyo hivyo.

Kwanza unga. Nilikosa. Nilikuwa nawaza kazi, mikono ikatangulia. Nilipoona uso wako ndipo nilipomkumbuka mama. Niliwaambia wenzangu garini kwamba nimemtandazia baba yangu unga, hawakuelewa.

Pili mihogo. Hatukuja kuwaambia muing'oe. Najua imewalea watu, mimi mmoja wao. Chuo kinajua pia kwamba mvua zikikataa ni muhogo mchungu unaobaki. Tatizo ni njaa inapowafanya watu waharakishe. Ule ukungu mweusi ulikuwa na kazi yake, Tata. Kuvundika kulikuwa kunatoa sumu. Ukipitisha muhogo juani tu, sumu inabaki ndani ya unga, nayo ukiila wiki baada ya wiki, bila samaki wala maharage, inakwenda kwenye mishipa ya miguu. Mwaka jana huko Bunda nililala kwenye nyumba ya mama mmoja. Alikuwa amelala mzima, asubuhi akashusha miguu kitandani akaanguka. Hakuwa na homa, hakuna kilichomuuma. Miguu yote miwili ilikaza. Ndivyo alivyo hadi leo.

Kile nilichokuwa nakifanya uwanjani ni hiki, na ni chote. Unga ule ule. Unaulowanisha mpaka unashikana, unautandaza mwembamba kama unene wa kidole, mahali penye kivuli na hewa, unauacha masaa matano. Sumu inatoka na kwenda na upepo. Jioni unasonga ugali. Watu wa vyuo wamehangaika miaka mingi mpaka wakapata njia isiyotaka dawa wala mashine. Ndani ya nyumba zetu zile zisizo na dirisha siushauri, kwa sababu hewa ile ile mtaivuta mkilala.

Nakutumia vichupa na karatasi za njano. Weka unga kidogo na maji, ning'iniza karatasi ndani, funga, kaa nayo mpaka kesho. Ikibaki njano, niite mwongo. Ikigeuka kahawia, Tata, nakuomba turudi kwenye kuvundika, au tulowanishe.

Na uniambie, hapo nyumbani kuna mtu anayelalamika miguu mizito asubuhi?

Ni mimi binti yako,
Adventina

—

Butiama,
18 Desemba 2022

Kwa Adventina,

Salamu. Sisi wazima kiasi. Krismasi inakuja na mbuzi hakuna.

Vichupa nimepata. Nimefanya kama ulivyosema, na nimefanya vizuri kuliko wenzako, maana mimi sitetemeki mkono. Karatasi imegeuka rangi ya kutu. Nimeona sababu: niliiweka jikoni na jikoni kuna moshi. Kitu kinachoharibiwa na moshi hakiwezi kunifundisha mimi. Nikaenda kwa Mwikwabe nikamwomba unga kidogo, nikamwambia ni wa kumpima mke wake kama anatwanga vizuri. Karatasi yake nayo imegeuka. Na yeye ana moshi.

Mwikwabe ameniuliza, "Makongoro, siku hizi wewe ni bwana afya?" Nikamwambia mimi ni bwana wa kila kitu, yeye atulie na mpaka wake wa shamba. Unajua mpaka huo bado anaudai.

Jambo lingine dogo. Jeska ameingiwa na uvivu. Jumanne alikuwa anatoka kisimani akaanguka na ndoo, ndoo ikapasuka, ile mpya. Namwuliza nini, ananiambia, "Baba, magoti yamekataa." Nikamwambia magoti hayakataagi, anayekataa ni mwenye magoti. Tangu siku hiyo anatembea kwa vidole kama mtu anayenyatia kuku, na akisimama mapaja yanamtetemeka. Nafikiri ni mkono wa Mwikwabe kwa ajili ya ule mpaka. Nimempeleka kwa mtu akamchanja. Atapona.

Matrida ameuliza shangazi anakuja lini. Nimemwambia shangazi ana kiapo kichwani.

Baba yako,
Makongoro

—

Kitaji,
19 Desemba 2022

Tata,

Shikamoo. Revocatus ameniletea barua yako jioni hii, anarudi huko alfajiri, kwa hiyo naandika amesimama mlangoni.

Si Mwikwabe. Mwache Mwikwabe. Jeska asile tena huo unga, wala mtoto, wala wewe. Nimempa Revocatus mfuko wa mahindi na dagaa, mumwombe Mungu mle hicho mpaka nifike. Nakuja na gari la kazi Jumatano nimchukue Jeska hospitali. Usiponiruhusu kuingia nitamchukua njiani.

Adventina

—

Kitaji, Musoma,
15 Januari 2023

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Jeska tumemrudisha jana, umemwona, kwa hiyo mengine nakueleza ili uwe nayo kwa maandishi.

Nilipofika siku ile uligeuza kiti ukanipa mgongo. Nilikusalimia. Hukuitikia. Sikulaumu, uliapa mbele ya watu na mimi nilikuwepo. Nilimbeba Jeska mimi na dereva. Ulipoona kikapu chake kimesahaulika ulikichukua ukaja kukiweka kwenye gari, ukiangalia upande wa barabara. Nilikuona.

Njiani aliniuliza, "Wifi, huu ugonjwa una jina?"

Nikamwambia unalo, unaitwa konzo.

Akasema, "Afadhali. Kitu chenye jina kina dawa."

Tulipita mashamba mengi yaliyokauka.

Hospitali wamempima vya kupimwa vyote. Siyo polio, siyo kifua kikuu cha mgongo, siyo kulogwa wala mpaka wa shamba. Mimi mwenyewe nilimgonga magoti kwa ile nyundo ndogo, miguu ikaruka kama ya panzi, nikaandika kwenye fomu kama ninavyomwandika mtu yeyote. Nilidhani nitalia. Nilimaliza nikaenda kunywa chai. Tangu hapo niko hivyo tu, nafanya kazi, nalala.

Daktari amesema kilichokufa kwenye mishipa hakirudi. Hatazidi kuwa mbaya akiacha ule unga, lakini hatapona. Fimbo mbili, pengine. Alipoambiwa, Jeska aliuliza nani sasa atachota maji. Hilo tu.

Tata, la Jeska limepita. Sikuandikii la Jeska. Matrida anakula chungu kimoja na mama yake. Ana miaka saba, na ugonjwa huu unapenda watoto. Hautoi taarifa. Mtoto analala akiwa anacheka, asubuhi hasimami. Mahindi niliyoleta yataisha mwezi huu, mshahara wangu haufiki mavuno na mavuno yenyewe hayapo. Mtarudi kwenye muhogo, najua. Basi uwe umelowanishwa. Sikuombi unisamehe wala uongee na mimi. Nakuomba mkeka.

Binti yako,
Adventina

—

Butiama,
9 Machi 2023

Kwa Adventina,

Barua yako niliipata mwezi wa kwanza. Sikujibu. Hapakuwa na jambo.

Jeska yupo. Anakaa mlangoni, anamenya. Nimemchongea fimbo mbili za mti mgumu, hata fundi wa Musoma hawezi kuchonga hivyo, zina mahali pa kushikia. Anazitumia kwenda chooni. Kisimani siku hizi anakwenda mtoto wa Mwikwabe, sikumwomba, anakuja mwenyewe na ndoo.

Dennis alikuja. Alimwangalia mke wake, akakaa siku mbili, akamwambia, "Nitaleta dagaa," akaondoka. Dagaa bado.

Mahindi yako yameisha. Tumerudi kwenye muhogo. Kuvundika nimesema turudi, lakini kuna siku unga unaisha na uliovundikwa haujafika, tunatwanga wa juani. Sisemi uongo.

Asubuhi nikiamka namwita Matrida aniletee maji ya kunawa uso. Anatoka nyumba ya mama yake mpaka kwangu, kama hatua za mtu anayeenda kwa jirani. Namwangalia anavyokuja. Maji ninayo ndani, mtungi umejaa. Juzi alichelewa kutoka. Niliita mara moja, sikuita ya pili. Nilikaa. Alikuwa anatafuta kikombe.

Mkeka siwezi. Wewe unaona ni mkeka. Mimi nilimtandazia mama yako kwa mkono huu, na kabla yake mwenzake, na kabla yake mama yangu. Mkono huo ndio unajua.

Makongoro

—

Kitaji,
2 Aprili 2023

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Habari za Kwaresima? Mimi nipo. Tumekuwa Bunda wiki mbili, vijiji kama sita, na kule sasa wanawake wanafanya wenyewe, wanalowanisha asubuhi kabla ya kwenda shambani. Tangu waanze hajaanguka mtu. Profesa wetu alifurahi akapiga picha. Mimi nilisimama kwenye picha nikawa nawaza yule mtoto na kikombe chake.

Sijui niseme nini ambacho sijasema. Nilisomeshwa na mihogo yako, uliiuza ile karo ikapatikana, na nilichojifunza kwa karo hiyo hakiwezi kuingia kwenye uwanja wako. Nimelizoea hilo wazo. Naamka nalo kama mtu anavyoamka na mkono wake.

Kama kuna jambo la kufanya ili unga utoke nje bila kuwa msiba, wewe ndiye mkubwa wa ukoo, wa kulijua ni wewe. Mimi nitatii lolote. Kama halipo, niambie halipo, niache kuuliza.

Msalimie Jeska. Mwambie zile soksi alizoniomba hospitali nitazituma.

Binti yako,
Adventina

—

Butiama,
11 Juni 2023

Kwa binti yangu Adventina,

Hujambo? Natumaini mzima. Sisi hapa wazima, na leo nina habari ndefu, kwa hiyo keti.

Uliuliza kama kuna jambo. Niliwaza. Niliwaza mwezi mzima, na unajua mimi nikiwaza kitu kinapatikana. Hakikupatikana. Nikachukua karatasi nikuandikie kwamba halipo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu pale uwanjani na karatasi juu ya paja, Jumatatu moja ya mwezi wa tano, baada ya watu kwenda shambani.

Jeska akatoka. Hakutoka na fimbo. Alitoka kwa makalio, anajivuta, na mkeka anauburuta nyuma. Akautandika kwenye kivuli cha ghala. Akarudi ndani. Akatoka na beseni la unga, anasukuma mbele kidogo, anajivuta kidogo. Akarudi tena kwa ajili ya maji. Niliangalia yote hayo. Ilichukua muda mpaka jua likanifikia miguuni, na mimi sikusogeza kiti.

Alipoanza kutandaza nikamwambia, "Jeska. Unanizika?"

Hakuinua kichwa. Akasema, "Baba, mimi nimeshazikwa hadi kiunoni. Wewe ukitaka kufa, kufa. Matrida anakula leo."

Hakuna mkwe aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikuwa na teke tayari, unalijua teke langu. Mguu haukunyanyuka. Usifikiri ni ugonjwa, nilisimama baadaye vizuri. Haukunyanyuka tu. Jeska akalainisha unga wote kwa kiganja, mwembamba kama unene wa kidole, akajifuta mikono, akajilaza ubavu palepale kando ya mkeka kulinda kuku.

Sasa sikiliza. Akapita mke wa Mwikwabe na kuni kichwani. Akaona unga nje. Akaona Jeska amelala chini kama mfiwa. Mimi hakuniona, ghala lilinificha kwa upande wa njia. Akatupa kuni akapiga yowe. Yule mwanamke ana sauti, wameisikia hadi Mwitongo, nafikiri. Kabla sijapata la kusema watu wameanza kuingia. Wanawake mikono kichwani. Wanaume na majembe, wengine wameshaanza kubishana kaburi liwe upande gani, na mmoja anasema udongo wa upande wa jabali ni mgumu, mzee huyu atatusumbua hata leo. Paschal katekista kaja na kitabu na msalaba, anahema. Na Mwikwabe. Mwikwabe amekuja anavuta mbuzi. Mbuzi wake mwenyewe, dume, kwa ajili ya msiba wangu. Machozi yanatiririka, na mimi sijawahi kuona macho ya mtu yule yakiwa na maji.

Nikasimama nikazunguka ghala.

Mwanamke mmoja akakimbia. Mwikwabe akaniangalia, akamwangalia mbuzi wake, akasema, "Makongoro, umekufa au hukufa? Nimeacha ng'ombe shambani."

Nikasema, "Sijafa."

"Sasa unga wa nani huu?"

Adventina, hapo nilikuwa na maneno mengi. Ningeweza kusema mkwe amepotewa na akili. Ningesema ni wewe umemtuma. Matrida alikuwa amekuja mbio kutoka shuleni na wenzake, wamesikia babu amekufa, amesimama pale anahema na miguu yake miwili ina vumbi. Nikaangalia hiyo miguu.

Nikasema, "Ni wangu. Nimeamua kujitandazia mwenyewe nikiwa hai, nione nani atakuja na nani hatakuja. Nimewaona. Sasa kaeni."

Paschal akasema, "Mzee, basi sisi turudi."

Nikamwambia, "Nani alishawahi kurudi msibani hajala? Kaeni hapo mpaka unga uive."

"Unga unaivaje bila moto?"

"Muulize Jeska."

Wakaketi. Hawakuwa na njia, walishakuja. Jeska akawaeleza hapo alipolala, maji kiasi gani, unene gani, kwa nini kivulini na kwa nini nje. Wanawake wakauliza mara mbili mbili. Yule mwenye karatasi zako za njano nilikuwa mimi, nilibakiza kichupa kimoja na karatasi mbili, nilikuwa sijakuambia. Tukaweka unga mkavu kwenye kimoja nilichoosha na unga wa mkekani kwenye kingine, nikampa Paschal akakae navyo, maana mimi nina moshi. Mbuzi wa Mwikwabe tulimchinja. Alisita kidogo. Nikamwambia mbuzi aliyeletwa msibani harudi, na msiba nimeshausema ni wangu. Jua likahama, ugali ukasongwa, mweupe, ule uchungu wa nyuma ya ulimi haukuwepo. Watu walikula. Nami nilikula msiba wangu, nani mwingine unayemjua amefanya hivyo.

Kesho yake Paschal alileta vichupa baada ya sala. Cha unga mkavu kutu. Cha mkekani njano kama kilivyotoka kwako. Akanionyesha mbele ya watu, nikasema nilijua.

Tangu hapo kila nyumba hapa inaanika unga nje. Wanasema ni dawa ya Makongoro. Sijawasahihisha. Profesa wako akitaka kuja kuangalia aje, nitampa kiti, ila asipige picha za Jeska akiwa anajivuta. Wiki iliyopita alipita mtu wa Bunda anatafuta ng'ombe, akaona mikeka nyumba hadi nyumba, akavua kofia, akauliza taratibu ni ugonjwa gani umeingia kijijini. Mwikwabe amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Sichekagi siku hizi, wala silii, nakaa tu.

Jambo moja sijalipatia jibu. Mimi nikifa kweli, sijui watajuaje.

Matrida bado ananiletea maji. Jana alikuja anaruka kwa mguu mmoja, ni mchezo wao wa shuleni, anachora chini miraba anaruka. Nilimfokea aache. Nikamfokea kwa sauti kubwa mno, akamwaga maji. Kisha nikamwambia aruke tena nione.

Jeska yuko vile vile. Soksi zimefika. Miguu yake ya asubuhi ni ya baridi, anasema haisikii soksi lakini anaziona, inatosha. Dennis ameleta dagaa debe moja. Sijui kama atakaa.

Kiapo changu kiko pale pale, nilikiapa mbele ya watu na mimi si wa kutengua. Lakini ukija nitamwambia Jeska, Jeska atakuambia, na wewe utamwambia Jeska. Tutakuwa tumekaa uwanja mmoja. Mwenzako yeyote wa chuo asiseme kwamba Makongoro alifundishwa. Aseme kwamba alikubali, baada ya kupima mwenyewe.

Kama kuna mtu huko anaona hii ni hadithi ya mzee, wa kunishuhudia wapo. Yupo Paschal katekista, aliyekuwa na vichupa usiku kucha. Yupo Mwikwabe, ingawa atakuambia habari ya mbuzi kwanza. Yupo mke wake, aliyepiga yowe. Na yupo Jeska. Huyo usimwite, mfuate alipo.

Mimi baba yako,
Makongoro